Sasa, au Baadaye

Saa tatu usiku kiboksi kinajitokeza tena
katikati ya jedwali la michango:
Mfumo wako umepitwa na wakati. Ungependa kuusasisha?
Chini yake vitufe viwili, kama milango ya choo cha stendi:
Sasa. Baadaye.

Nimebonyeza Baadaye tangu Ramadhani,
hadi kipanya kimezoea njia,
kinakwenda chenyewe kama punda wa maji.

Yustino wa Mtaa wa Aggrey alishanipa hukumu,
bisibisi mdomoni:
"Mama Katibu, mfumo huu umeshakufa.
Waliouunda hawautibu tena.
Unakaa na maiti anayepumua."
Ananiambia mimi,
mweka hesabu wa chama cha kuzikana,
mimi ninayejua bei ya sanda kwa yadi
na nani Segerea hukodisha maturubai kwa mkopo.
Nikamjibu: Maiti, mwanangu, hafungui jedwali.

Mwajabu, binti yangu, anasema mpya ni mzuri,
una rangi, hauingiwi na virusi ovyo.
Mwajabu huyohuyo alinibadilishia simu
nikapoteza namba mia mbili,
hata ya muuza maziwa.

Na programu ya michango aliiandika Ombeni,
aliyepanga chumba chetu cha uani mwaka wa mafuriko;
ikawa ndiyo kodi yake ya miezi miwili.
Sasa yuko Katavi, anafuga nyuki, hapokei simu.
Hakuna ajuaye kama kazi yake itaamka
upande wa pili.

Hofu yenyewe, nikiisema wazi,
si bando, la usiku nimeshanunua;
si umeme, ingawa Luku inasoma yuniti tisa
na mpangaji anapiga pasi.
Ni kwamba naweza kulala na watu mia na kumi na mbili
nikaamka na kioo cheupe
kinachonikaribisha kama mgeni nyumbani kwangu.

Basi nikatoa kaunta buku.
Mali bila daftari hupotea bila habari,
walisema waliokuwa na mali.
Sisi tuna majina.

Sikujua Mbonde, amelipa.
Faraji Mtitu, amelipa, nusu kwa kuku.
Hawa Ngatunga anadaiwa elfu nne,
lakini ndiye aliyepika msibani kwa Lukwale
siku tatu, na mafua yake. Naliacha hivyo.
Feni inakohoa ndani ya boksi,
mkono unanikumbusha umri wake.
Mashine hubeba jina bila kulipima.

Ukurasa wa saba nikafika kwa Tabu Mkwizu.
Elfu mbili, elfu mbili, elfu mbili,
halafu Aprili, tupu. Mei, tupu. Juni.
Kwenye kioo nafasi tupu ni mraba tu kati ya miraba;
nimeipita mara ngapi kwa gurudumu la kipanya?
Kwa kalamu ilibidi niinue mkono,
niruke,
niinue,
niruke,
na mara ya tatu mkono ukagoma.

Tabu hachelewi. Tabu hulipa tarehe moja,
noti imekunjwa mara nne kama dawa ya unga.
Anakaa peke yake Bonyokwa, nyuma ya mashine ya kusaga.
Hakuna aliyeleta habari, na chama cha kuzikana
husubiri kuambiwa nani amekufa.
Jedwali la Ombeni, pamoja na ufundi wake wote,
halina safu ya mtu aliyenyamaza.

Adhana ya alfajiri. Majina arobaini bado.
Kiboksi kimerudi na adabu zake zilezile:
Sasa. Baadaye.

Nikabonyeza Baadaye,
nikachukua mwavuli na elfu kumi ya dharura,
nikaiacha feni ikikohoa,
nikaenda Bonyokwa kupiga hodi.